Macho chini mbele ya jopo la usaili: ni adabu au ni kutojiamini?

Swali:

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, nimesomea uhasibu, nakaa Tanga. Kila nikiitwa kwenye usaili, mtihani wa mchujo napita vizuri, lakini kwenye mahojiano ya ana kwa ana naachwa. Safari ya mwisho mwanajopo mmoja alinifuata nje, akaniambia kwa nia njema kabisa: 'Majibu yako si mabaya, ila unaonekana hujiamini, na macho yako yanakwepa kama mtu anayeficha jambo.' Nililia njia nzima. Nimelelewa na bibi Pangani, na kwetu mtoto wa kike kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Nikaingia mtandaoni kujifunza. Nikaambiwa asilimia 93 ya mawasiliano ni lugha ya mwili, maneno ni asilimia 7 tu; nisimame chooni dakika mbili mikono kiunoni ili nipate ujasiri; nisikunje mikono; nisiguse pua kwa sababu wataona naongopa. Nilifuata yote, na usaili uliofuata ukawa mbaya zaidi, maana nilikuwa nawaza mikono yangu hadi swali likanipita. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na hali hii ninayo tangu sekondari. Halafu mimi sipeani mikono na wanaume wasio maharimu wangu, sijui wananichukuliaje. Je, niache malezi yangu ndipo nipate kazi?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalokuumiza zaidi: hapana, huna haja ya kuacha malezi yako ili upate kazi. Yapo mambo machache ya kurekebisha, mengine ni madogo kuliko unavyodhani, na hakuna hata moja linalokutaka umkane bibi.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kwamba mwili wako unakusemea vibaya mbele ya watu, unakushuhudia kwa kosa ambalo hukulifanya. Ya pili ni kwamba dawa yake ni kujigeuza kuwa mtu mwingine, na ulipojaribu kujigeuza ukaharibikiwa zaidi. Hofu ya kwanza ina ukweli ndani yake, ingawa umeikuza. Ya pili umetiwa na hao walimu wa mtandaoni, kwa hiyo tuanze nao.

Asilimia 93 inatokana na Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechapisha majaribio mawili na wenzake mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno moja moja, maneno ya aina ya "asante" na "mpenzi", likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida au ya chuki, na katika jaribio la pili wakaonyeshwa pia picha za nyuso. Walichoulizwa ni hiki: huyu anayesema, anampenda anayemwambia au hampendi? Neno lilipopingana na sauti, watu waliamini sauti. Uso ulipoingia, wakauamini uso zaidi. Matokeo yakaunganishwa katika hesabu moja: 7 kwa neno, 38 kwa sauti, 55 kwa uso. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia za kupenda na kutopenda, haihusu kila mazungumzo. Mhasibu anayeeleza jinsi anavyooanisha taarifa ya benki na daftari la fedha hapimwi kwa hesabu hiyo hata kidogo. Wewe mwenyewe umesikiliza mpira redioni: uso wa mtangazaji huuoni, na bado unajua nani kapiga krosi na nani kakosa bao.

Ule mkao wa mikono kiunoni nao una historia. Utafiti uliouvumisha ulitoka mwaka 2010, ukiwa na washiriki 42 tu, na ulidai kwamba dakika mbili za kukaa kwa mikao ya kibabe hupandisha homoni ya testosteroni na kushusha kotisoli, ile inayopanda mtu akiwa kwenye msongo. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake waliurudia kwa watu 200. Washiriki walisema wanajisikia wenye nguvu kidogo zaidi, lakini homoni hazikusogea wala matendo yao hayakuwa ya kuthubutu zaidi. Mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa watafiti watatu wa ule wa 2010, aliandika waziwazi kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Kusimama kwako chooni hakukukudhuru. Kulikula tu dakika ambazo ungezitumia kutulia.

Kuhusu pua na uongo, sikiliza vizuri, kwa sababu ndipo lilipo neno lililokuliza. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi ambamo watu waliombwa kutambua nani anaongopa. Walipatia takriban mara 54 katika kila 100. Mtu anayerusha sarafu bila kumwangalia yeyote angepata 50. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulioongozwa na Bond uliwauliza watu wa nchi 58 wanamjuaje mwongo, na jibu lililotajwa zaidi lilikuwa kwamba mwongo hakutazami machoni. Lakini DePaulo na wenzake walipopima dalili zenyewe, katika uchambuzi wa mwaka 2003, kutazama au kutotazama machoni hakukuwa na uhusiano wa maana na kusema uongo. Kwa hiyo dunia nzima inaamini jambo ambalo upimaji hauliungi mkono. Mwanajopo yule hakuona unachoficha, kwa sababu hakuna unachoficha. Alikuwa anaeleza hisia iliyomjia yeye. Na kukunja mikono vivyo hivyo: nimekaa kwenye vyumba vya usaili vyenye kiyoyozi kikali ambamo kila aliyeingia alikunja mikono, na hakuna aliyekuwa anajihami na chochote isipokuwa baridi.

Sasa upande wenye ukweli. Hisia ile, hata ikiwa na makosa, imeandikwa kwenye karatasi ya alama, na huwa inakuja mapema sana. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu nyuso kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, wakawauliza: anaaminika? Ana uwezo? Hukumu zilizotolewa kwa kitambo hicho zilifanana sana na zile za watu walioachwa watazame mpaka watosheke. Muda ulipoongezwa, kilichoongezeka zaidi ni uhakika wa mtu juu ya lile alilokwisha kuamua. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Nalini Ambady na Robert Rosenthal walionyesha kwamba watu waliotazama vipande vya video bila sauti, sekunde 30 kwa jumla, waliwakadiria walimu wa chuo kwa namna iliyokaribiana na tathmini za wanafunzi waliokaa nao muhula mzima.

Tafiti hizi mbili hunukuliwa kila mahali kuthibitisha kwamba jicho la kwanza halikosei. Mimi nasoma jambo jingine. Watu kukubaliana juu ya uso hakuufanyi uso huo kuwa kama walivyousema. Na tathmini ya mwanafunzi mwisho wa muhula nayo ni hisia tu, iliyochukua muda mrefu kidogo kuiva. Unachopaswa kubeba ni hiki: kinachoundwa haraka ni picha ya awali, na jopo lina nusu saa ya kuisahihisha iwapo utalipa cha kuisahihishia.

Nije kwenye macho, maana hapa ndipo nilipotaka tukae.

Malezi ya bibi yako ni lugha kamili. Mwambao mzima na bara pia, kuinamisha macho ukisalimia, kupinda goti kidogo, kupokea kitu kwa mikono miwili, yote yanasema: nakuona kuwa mkubwa wangu. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2013 Hironori Akechi na wenzake waliwaonyesha Wajapani na Wafini nyuso zilezile. Uso unaotazama moja kwa moja, Wajapani waliuona una hasira na haufikiki kwa urahisi kuliko walivyouona Wafini. Jicho lilikuwa lilelile, na kila upande ukalisoma kwa kanuni zake. Chumba cha usaili wa ofisini kina kanuni zake pia, nyingi zimekuja pamoja na ofisi zenyewe, na mwanajopo aliyesoma na kufanya kazi humo miaka mingi anaweza kusahau kwamba hata yeye alizaliwa kwenye nyumba yenye kanuni kama zenu.

Lakini hebu kumbuka vizuri. Je, ni kweli kwamba hukuwahi kumtazama bibi usoni? Alipokuwa anakusimulia hadithi usiku, ulikuwa unatazama wapi? Alipokufundisha kusuka ukili, ukawa unamtazama mikono, kisha uso, kisha mikono tena, alikukemea? Kanuni ya bibi haikuwa "usimtazame mkubwa". Ilikuwa "usimkodolee mkubwa macho anapokuonya, usishindane naye kwa macho". Mkubwa akikufundisha au akikuuliza jambo analotaka kulijua, kumtazama ni kumsikiliza, na kumsikiliza ni heshima. Swali la usaili liko upande huo. Mwenyekiti wa jopo akisema "Karibu, tueleze kuhusu wewe", amekupa ruhusa ya kuinua uso, na ameitoa kwa kinywa chake.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mabinti na vijana wa kwetu hautoki kwenye video za Wamarekani. Ingia, simama, sema "Shikamooni" kama kuna wakubwa wako, na macho yashuke kama yalivyozoea kushuka. Usijizuie. Salamu hiyo inawaambia wanajopo watu wako ni akina nani, na wengi wao wataipokea kwa moyo. Ukishakaa na swali la kwanza likaulizwa, inua uso. Umeshatoa heshima yao; sasa unatoa jibu lao. Nimewaona wengi wakitulia kwa mpangilio huu, kwa sababu hauwalazimishi kuchagua kati ya nyumba na ofisi.

Na ukishainua uso, usikodoe. Michael Argyle, aliyefanya utafiti wa macho miaka mingi pale Oxford, alikuta kwamba katika mazungumzo ya kawaida Waingereza humtazama mwenzao takriban robo tatu ya muda wanaposikiliza, lakini chini ya nusu ya muda wanapozungumza. Yaani hata kwa watu ambao tunaambiwa ndio hodari wa kutazamana, anayezungumza huondoa macho mara nyingi. Sababu yake ni kwamba uso wa mtu unabeba habari nyingi, na akili inayotafuta jibu gumu haiwezi kusoma uso na kutafuta jibu kwa wakati mmoja. Arthur Glenberg na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba swali likizidi ugumu, watu huondoa macho zaidi, na kuondoa huko huwasaidia kukumbuka. Wewe ulipotazama pembeni kutafuta kanuni ya uchakavu wa mali, ulikuwa unafikiri, basi. Tofauti ambayo jopo linaiona ni ya kurudi: macho yaliyokwenda pembeni kutafuta jibu hurudi na jibu kwa yule aliyeuliza. Yako, nadhani, yalikwenda chini yakabaki huko.

Kwa hiyo jitahidi kwenye nyakati mbili tu. Mtazame mwulizaji wakati anauliza, kwa kuwa hapo unasikiliza na ndipo ilipo rahisi. Kisha mtazame tena unapomaliza jibu. Katikati, macho yaende yanakokwenda, yapite pia kwa wanajopo wengine kama jibu ni refu. Kama mboni zinakutisha, tazama mahali popote usoni, kati ya nyusi au mdomoni. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba anayetazamwa mdomoni huamini anatazamwa machoni. Kwa umbali wa meza ya usaili hawezi kutofautisha. Kuna binti aliyeniambia huo ni udanganyifu. Sio. Uso wa mtu ni mmoja, na wewe umeuelekea.

Ulisema ulikuwa unawaza mikono yako hadi swali likakupita. Sentensi hiyo imeeleza tatizo lako vizuri kuliko barua nzima. Umakini wa binadamu una kikomo. Ukiugawa kwa pua, mikono, mgongo na tabasamu, kinachobaki kwa ajili ya swali ni kidogo. Kisha mwili unaosimamiwa kila sekunde hukakamaa, na mwenye kukutazama anaona mtu asiyekuwepo. Waliokupa orodha ya mambo kumi ya kufanya na mwili wako walikupa kazi nyingine katikati ya kazi. Mtu anayeelekeza mawazo yake kwa anayemsikiliza, mara nyingi mwili wake hujipanga wenyewe: husogea mbele kidogo, hutikisa kichwa, sauti hupanda na kushuka mahali pake.

Kutetemeka kuna njia yake ya kueleweka. Ubongo ukihisi hatari, na kuhukumiwa mbele za watu unaihesabu kuwa hatari, huamuru adrenalini imwagwe kwenye damu. Moyo unaharakisha, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, vidole vinapoa na kutetemeka, mdomo unakauka, misuli ya koo inakaza hadi sauti inapanda. Huwezi kuuzuia mwili kwa kuukemea. Unaweza kupunguza kasi yake kwa pumzi: vuta kwa utulivu puani, kisha toa polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Moyo hupunguza mwendo kila tunapotoa pumzi, na huo ni mlango ambao Mungu ametuachia wazi. Fanya hivyo dakika chache ukiwa kwenye benchi la kusubiria, badala ya mambo ya chooni. Asubuhi hiyo acha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, vinazidisha mtetemo. Usishike karatasi moja mkononi, maana karatasi hukuza mtetemo ambao vidole peke yake visingeuonyesha. Weka nyayo zote mbili chini, egemea kiti, mikono ikae mapajani au mezani ikiwa imeshikana. Ukipewa maji, bilauri isijazwe.

Halafu ujue jambo hili, maana kulijua tu kunasaidia. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich waliwapa watu kazi ya kuhutubia. Wazungumzaji waliamini woga wao unaonekana kuliko wasikilizaji walivyouona. Kisha kundi jingine likaambiwa mapema: woga wenu hauonekani kama mnavyodhani. Hao waliohakikishiwa walizungumza vizuri zaidi, kwa maoni yao na kwa maoni ya waliowasikiliza. Moyo wako unaosikia ukigonga kama ngoma, jopo halisikii. Na vichwa vyao vikiinama ghafla wakati unajibu, mara nyingi wanajaza alama. Usisome hapo kwamba umewachosha.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuliuliza. Mwanajopo alisema majibu yako "si mabaya". Umelishika neno la macho, hili umeliacha lipite. Kwa uzoefu wangu wa kukaa upande wa pili wa meza, "si mabaya" mara nyingi maana yake ni sahihi lakini mafupi mno. Mtu anayetamani kutoka chumbani hufupisha. Ukiulizwa utafanya nini ukikuta upungufu kwenye fedha taslimu za ofisi, na ukajibu "nitatoa taarifa kwa mkuu wangu", umepatia, na bado hujawaonyesha kitu. Sema utahesabu upya mbele ya shahidi, utalinganisha stakabadhi na hati za malipo za siku hiyo, utaandika kiasi na saa uliyogundua, ndipo upeleke taarifa kwa maandishi, na hutafidia kutoka mfukoni kimyakimya. Jibu la namna hiyo linakupa pumzi, na linalipa jopo sababu ya kurekebisha ile picha ya sekunde ya kwanza. Panapoulizwa maswali yaleyale kwa wote na alama kutolewa papo hapo kwa kila jibu, nafasi ya uso kuamua hupungua sana. Kwa hiyo ukiniuliza juhudi zako uziweke wapi, nitasema sehemu kubwa kwenye majibu, sehemu ndogo kwenye macho, na kwenye pua usiweke kabisa.

Mazoezi yafanye kwa sauti, mbele ya watu, sio kichwani. Mwombe shangazi na jirani mmoja aliyekuzidi umri wakae upande mmoja wa meza wakuulize, kwa sababu ni mbele ya wakubwa ndipo unapofungwa ulimi. Marafiki zako hawatakusaidia hapo. Jirekodi kwa simu. Tazama mara moja tu bila sauti, kisha sikiliza mara moja bila picha, halafu iache. Wengi hushangaa kwamba mtetemo hauonekani, na kwamba kinachoonekana ni kasi ya kusema.

Kuhusu mkono, shikilia unachokiamini. Ni kweli kwamba katika usaili wa majaribio uliofanywa na kina Greg Stewart huko Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, waliopeana mkono kwa uthabiti walipendekezwa zaidi. Lakini mkono pale ulikuwa ishara ya ukunjufu, na ukunjufu una ishara nyingine. Weka kiganja cha kulia kifuani mapema, kabla mwanaume hajanyoosha wake, inamisha kichwa kidogo, tabasamu, na toa salamu kwa sauti inayosikika. Kinachoumiza watu ni mkono unaoachwa ukining'inia hewani bila neno. Tanzania ishara hiyo inaeleweka karibu kila ofisi. Sitakuficha kwamba siku moja unaweza kukutana na asiyeielewa au asiyeipenda. Hilo likitokea, una haki ya kuamua kama ofisi hiyo inakufaa.

Je, uwaambie wanajopo kwamba umelelewa kutowatazama wakubwa? Nisingelianza mimi, kwa kuwa likitangulia linasikika kama udhuru. Mtu akiuliza, jibu kwa sentensi moja na uendelee: "Nimelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, ila swali nimelielewa, na jibu langu ni hili." Kusema mara moja "nina wasiwasi kidogo, naomba unirudie swali" nako hakuna ubaya, wanajopo hulipokea kwa wema kuliko kimya kirefu.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa ndiye unayekaa kwenye jopo, nakuomba: ukijikuta unaandika "anakwepa macho", jiulize umeona nini hasa kwenye jibu lake. Wapo wenye makengeza, wapo wenye usonji ambao kutazamwa huwachosha kabisa, na wapo waliofundishwa adabu na bibi zao. Kazi yao ya hesabu inaweza kuwa safi kuliko ya mwenye macho makavu.

Limebaki moja, binti yangu, nalo ni kwamba hali hii unayo tangu sekondari. Wasiwasi wa siku ya usaili ni wa kila mtu. Lakini jiulize: je, unakwepa pia kusoma mbele za watu, kula mbele ya wageni, kupiga simu, kuuliza swali kwenye kikao? Je, unaanza kuhangaika siku nyingi kabla, na ukimaliza unajirudia makosa usiku kucha? Je, umewahi kuacha kwenda mahali ulipotakiwa kwa sababu hii tu? Kama imedumu miezi sita au zaidi na inakunyima maisha, huenda ni ugonjwa wa hofu ya kijamii, na ugonjwa huo unatibika. Tiba yake kuu ni ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kuzipima fikra zake na kuziendea hofu zake hatua kwa hatua, kwa wiki kadhaa. Wengine huongezewa dawa za kila siku, ambazo nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Maandishi yangu hayawezi kuchukua nafasi ya mtu aliyekaa mbele yako. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili. Ikilazimu watakuelekeza Muhimbili, au Mirembe pale Dodoma. Kwenda huko hakumaanishi wewe ni mwendawazimu, na anayesema hivyo hajui anachosema.

Ukiwa hapo, mweleze daktari kuhusu mtetemo na moyo kwenda mbio, aangalie pia tezi ya shingo na wingi wa damu. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mtetemo, jasho na mapigo ya haraka, na upungufu wa damu nao huharakisha moyo. Hakuna zoezi la macho litakalotibu hayo. Na tafadhali, usinunue propranolol dukani kwa sababu rafiki amekwambia inatuliza mikono kabla ya usaili. Ni kweli madaktari huitumia hivyo kwa baadhi ya watu, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa vibaya sana, na kwa mwenye mapigo ya chini ya moyo ni hatari. Daktari akikupima akaona inakufaa, mwombe uijaribu kwanza siku ya kawaida ukiwa nyumbani na watu, usiinywe kwa mara ya kwanza asubuhi ya usaili.